Je, wajua kwa nini kundi la WhatsApp huona dhoruba ambayo rada haiioni?

Mwale wa rada husafiri karibu moja kwa moja, ilhali dunia imepinda. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyoiacha ardhi chini. Ukielekezwa nusu digrii tu juu ya upeo, ukifika kilomita 100 umeshapanda karibu kilomita moja na nusu; kwenye kilomita 200 umepita nne. Kutoka Mwanza, penye rada moja ya hali ya hewa ya Tanzania, hadi Entebbe ni zaidi ya kilomita 280, kwa hiyo mwale kama huo ungepita kilomita saba hivi juu ya mji. Pale juu utagusa wingu refu la mvua, lakini hautasema kama mvua ya mawe imefika chini, kama mabati yameng'oka, wala kama mto umefika darajani. Setilaiti nayo huona mgongo wa wingu. Pengo hilo hujazwa na macho ya watu.

Marekani walilielewa hili mapema. Mpango wao wa Skywarn, ulioanza miaka ya 1970, huwafundisha raia wa kujitolea kutazama hali mbaya ya hewa na kuripoti. Idara yao ya hali ya hewa hukadiria kuwa wako kati ya 350,000 na 400,000. Walianza kwa simu na redio za ridhaa, yaani za watu binafsi za kuwasiliana hewani, kisha vikaja vyumba vya gumzo mtandaoni. Kutoka kwenye redio kuna jambo moja la kuiga kabla ya mengine yote: mtu mmoja huongoza zamu, na wengine husema anapowapa nafasi au wanapokuwa na jambo la hatari.

Uganda macho hayo yapo tayari: mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mwalimu, kamati ya mwalo ziwani, mwendesha boda boda anayevuka daraja mara kumi kwa siku. Kinachokosekana mara nyingi ni utaratibu. Kundi la watu 200 bila mwongozaji hujaa salamu, pole na video za mwaka juzi, na ripoti moja ya kweli huzama katikati. Afadhali makundi mawili. La kwanza ni la watazamaji tu. La pili ni la wananchi, na limefungwa: wanaoweza kuandika ni wasimamizi peke yao, nao hutuma kilichokwisha kuthibitishwa. Tahadhari rasmi ni kazi ya UNMA, mamlaka ya hali ya hewa, pamoja na kamati ya maafa ya wilaya. Kundi hupeleka kilichoonekana, halitabiri.

Ujumbe mzuri husomeka hivi: “14:20. Daraja la Manafwa, upande wa soko. Maji yamepanda nusu mita ndani ya dakika 20, yana magogo. Nimeona mwenyewe.” Saa huja kwanza, tena kwa tarakimu za saa 24. Ukiandika “saa nane” huku mwingine anasoma kwa saa za Kiingereza, yaani 8:00, ripoti ya mchana inageuka kuwa ya asubuhi. Usitegemee saa inayoonyeshwa na programu: dhoruba ikikata umeme na mnara ukazimika, ujumbe hukaa kwenye simu na kutoka baadaye kana kwamba tukio ni la sasa. Mahali pia pasiishie kwenye jina la kijiji, kwa kuwa majina hurudiwa. Ongeza gombolola (tarafa ndogo ndani ya wilaya) na wilaya, au tuma alama ya ramani. Picha ni nzuri lakini hula bando, na WhatsApp huondoa taarifa za saa na mahali zilizofichwa ndani yake, kwa hiyo picha bila maneno haithibitishi kitu.

Kiasi kitajwe kwa kipimo. Mvua ya mawe ipime kwa sarafu: ya shilingi 100 ya Uganda ina kipenyo cha milimita 27 hivi, na Marekani huhesabu jiwe la milimita 25 kuwa hatari. Mvua ipime kwa chombo chenye kuta zilizonyooka na rula. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba.

Kuna ripoti mbili ambazo watu huzidharau. Ya kwanza ni “hapa hakuna kitu”. Mwongozaji akiipata kutoka gombolola tatu, anajua mvua imeishia wapi. Ya pili ni mto unaopungua ghafla huku mvua ikinyesha mlimani. Huenda maporomoko yameuziba huko juu, na ukizibuka utashuka na matope na miamba. Tarehe 11 Oktoba 2018, Bukalasi wilayani Bududa, mto ulibeba mzigo wa namna hiyo hadi kwa watu waliokuwa chini bondeni. Ukiona hivyo usiandike kwanza: piga simu kwa walio chini, kisha andika. Wenye simu za kitochi, zisizo na WhatsApp, hawamo kwenye kundi kabisa, kwa hiyo kila mtazamaji awe na namba zao tano au sita za kupiga.

Mwongozaji naye asipitishe ripoti ya mtu mmoja bila kuuliza, “Umeona au umeambiwa?” Akipata wa pili kutoka sehemu nyingine, anathibitisha. Hatari ya uhai haingoji wa pili. Hiyo hutumwa na kuandikwa wazi “bado haijathibitishwa”.

Radi huua watazamaji wanaosimama uwanjani na simu mkononi, ingawa si simu inayoivuta bali uwazi wa mahali. Hesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo, kila tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia kwenye jengo imara au gari lililofungwa, chomoa simu kwenye chaji, na usitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kwa muda huo mwongozaji humwondoa mtazamaji huyo kwenye orodha ya zamu na kumuuliza jirani yake.