Siti ya gari haina kiu

Jumamosi iliyopita mzee mmoja mstaafu, mpole kabisa, aliniletea gari nimsafishie siti zake za ngozi rangi ya krimu. Nilipofungua mlango wa dereva, harufu ikanipokea kabla ya yeye kufungua mdomo. Nazi. Wala si ile ya wali, ni nazi iliyochacha.

"Shikamoo mzee. Humu umepaka nini?"

"Marahaba. Mafuta ya nazi, kijana wangu, kila mwezi. Siti zilikuwa na kiu, zikaanza kupasuka."

Huyo ni wa nne mwezi huu. Kabla yake alikuja mama na mafuta ya mgando, kijana na mafuta ya watoto, na dereva wa bosi fulani aliyepuliza dawa ya dashibodi siti nzima, bosi akawa anateleza kila wakifunga breki. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, acha niandike.

Nadhani kosa limejificha kwenye neno lenyewe. Ya mkononi ngozi, ya kwenye siti ngozi. Ya mkono ikipauka unaipaka mafuta, basi na ya siti ikipauka mkono unaenda kwenye kopo lile lile. Lakini ng'ombe wa hiyo siti alishachinjwa zamani. Mafuta yake yote aliyanywea kiwandani: ngozi ikishatiwa dawa isioze, mara nyingi chumvi za kromiamu, huzungushwa kwenye pipa kubwa pamoja na mafuta yaliyochanganywa na maji mpaka yaingie kwenye nyuzi. Halafu inakaushwa, inapigwa rangi, na juu ya rangi inapigwa klia, lile tabaka angavu la kulinda rangi. Ndiyo, klia, ndugu yake ile ya kwenye bodi, ila hii ni laini inayokunjika.

Kwa hiyo siti nyingi za magari ya leo ukizishika hugusi ngozi. Unagusa rangi. Huamini, dondosha tone la maji. Litakaa juu kama kwenye jani la mgomba. Sasa kama maji hayapiti, mafuta ya nazi yanapitaje? (Likizama na kuacha doa jeusi, hiyo ni ngozi isiyopigwa rangi ya juu. Ipo kwenye magari machache ya gharama. Hapo usiguse kitu, tafuta anayeijua.)

Mafuta yanapita hasa sehemu moja, na hapo ndipo ninapopandwa na hasira: kwenye nyufa. Ufa unaouona ubavuni mwa siti ya dereva, upande wa mlango, umeanzia kwenye rangi, haukuanzia kwenye ngozi. Umeletwa na makalio yanayosugua hapo kila ukipanda na kushuka, mchanga ulionasa ukafanya kazi ya msasa, jasho, na jua. Siti nyeusi iliyoachwa juani vioo vimefungwa inaweza kupita nyuzi joto 70 za Selsiasi. Ukimwaga mafuta juu ya ufa, yanazama chini ya rangi, yanalegeza kingo, na rangi inaanza kubanduka vipande vipande. Wiki ya kwanza ufa unafifia kwa sababu umelowa, nawe unafurahi, unaongeza. Ukija kwangu nikutengenezee, inabidi nipige msasa, nijaze filla (dawa ya kuziba nyufa), nipige rangi na klia. Muulize fundi rangi yeyote kama rangi inashika kwenye bati lenye grisi. Siti ya mzee niliifuta kwa spiriti mara sita na kitambaa bado kinarudi na mafuta.

Na hapa pwani siti ikauke kwa hewa gani? Masika gari ikikaa wiki mbili bila kufunguliwa, adui wako ni ukungu, na mafuta ya nazi ni karamu yake.

Lawama ya pili: "Mbona haing'ai?" Haitakiwi kung'aa! Ngozi ya gari ikitoka kiwandani huwa imefifia. Mng'ao ni jasho, losheni na vumbi vilivyosuguliwa na mgongo wako mpaka vikawa kioo. Mzee sikumbishia. Nilisafisha kipande kama kiganja katikati ya siti, nikamwita. Kiganja kile kilikuwa krimu, kimefifia, na ukipitisha kidole unasikia vinyweleo vya ngozi. Pembeni pote kahawia, panateleza. Kitambaa changu cheupe kilikuwa rangi ya chai ya rangi. Akakitazama kitambaa, akaitazama siti, akasema, "Kumbe nilikuwa nakaa juu ya uchafu wangu." Nikanyamaza, maana umri ni umri.

Kusafisha kwenyewe hakuna maajabu. Nyonya vumbi, hasa kwenye mishono. Povu la sabuni ya ngozi liweke kwenye brashi laini, siyo kwenye siti, na kama siti ina matundu madogo punguza povu lenyewe. Sugua taratibu, futa, rudia kwa kitambaa chenye unyevu, kausha. Sabuni ya unga na Jiki ziache kwenye ndoo ya nguo. Ngozi iko upande wa tindikali, sabuni ya kufulia iko upande wa pili kabisa. Jinzi mpya au kitenge kinachochuja kikiacha bluu kwenye siti nyeupe, ifute siku hiyo hiyo. Ikishakaa miezi, mara nyingi dawa yake ni kupiga rangi upya.

Halafu kuna kondishena, dawa ya kulainisha ngozi. Hapa niseme ukweli ambao kibiashara ningeumeza. Ninapaka, ya maji, kidogo mno, kwenye kitambaa, naacha dakika 20 nafuta. Nalipwa. Lakini juu ya siti yenye klia nzima sina hakika inafanya nini zaidi ya kupunguza msuguano na kuacha harufu nzuri. Labda kitu kinaingia kupitia matundu ya mishono. Labda. Wateja wangu wenye siti nzuri kuliko wote ni wale wanaofuta kwa kitambaa chenye unyevu kila wiki na kuegesha kivulini, na wengine hawajawahi kununua kondishena.

Na kabla hujanunua chochote, hakikisha una ngozi. "Full leza" ya dalali mara nyingi ni ngozi pale unapokalia, ubavuni na nyuma ni plastiki. MB-Tex, "ngozi" ya plastiki ya Mercedes-Benz, haina ng'ombe hata mmoja ndani yake. Inama uchungulie ukingo uliokatwa chini ya siti: nyuzi za manyoya manyoya ni ngozi, kitambaa kilichofumwa ni plastiki. Hiyo plastiki ukiipaka mafuta ni kama kupaka ndoo.

Mzee alikuja kuchukua gari saa kumi. Akakaa, akapapasa siti, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Akalipa bila kuomba punguzo. Alipokwisha washa gari akashusha kioo.

"Kijana wangu, na usukani je? Nao nisipake hata kidogo?"