Gati la Nelson, Antigua: yanayosemwa na yaliyokuwa

"Nelson ndiye aliyelijenga." Hapana. Gati hili, lililotumiwa kutengenezea meli za jeshi la wanamaji la Uingereza, liko English Harbour, bandari ya kisiwa cha Antigua katika Karibi. Horatio Nelson, afisa wa jeshi hilo, alifika huko mwaka 1784 akiwa nahodha wa meli ya kivita HMS Boreas, akaondoka 1787. Kazi ya ujenzi ilikuwa imeanza miaka ya 1720 upande wa mashariki wa bandari, kisha ikahamia magharibi miaka ya 1740. Jina lake lilibandikwa karne ya 20. UNESCO ilipopaorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2016, haikutumia jina hilo.

Wa kutajwa kwanza ni Waafrika waliotiwa utumwani. Wenye mashamba ya miwa waliwatoa wafyeke, wachonge mawe na kujaza kingo za gati. Wengine walikuwa mafundi hasa: maseremala, wahunzi, wakalafati (waziba nyufa za meli). Kuwaita vibarua tu ni kuwapunja mara ya pili.

"Meli zilitengenezwa ndani ya chelezo, yaani kizimba kinachokaushwa maji." Chelezo hakikuwapo, wala meli haikuweza kuachwa mchangani kama majahazi ya kwetu, ambako bamvua hupwa mita tatu na zaidi. Antigua maji hayapandi hata nusu mita. Kwa hiyo meli ililazwa ubavu ikiwa majini.

Kwanza ilishushwa mizinga, shehena, farumi (uzito wa kutuliza meli) na milingoti ya juu. Matundu ya mizinga yalizibwa na kukalafatiwa. Milingoti iliyobaki ilitegemezwa kwa magogo, kisha kamba nene zikapitishwa kutoka vichwani mwake, kwenye makapi, hadi kwenye maduara, mitambo ya kuzungushwa ili kuvuta kamba, yaliyosimikwa gatini. Watu walizungusha duara taratibu mpaka mkuku, uti wa chini wa meli, ukatokeza juu ya maji. Hapo mwani ulichomwa, mbao zikakwanguliwa, nyufa zikakalafatiwa na kupakwa lami, halafu ukafuata ubavu wa pili. Tundu moja likivuja, meli huweza kujaa maji na kuzama. Tegemeo likilegea, mlingoti huweza kuvunjika. Mabati ya shaba, yaliyofunika sehemu ya chini ya meli na kuenea katika jeshi la wanamaji la Uingereza miaka ya 1780, yalipunguza minyoo inayotoboa mbao, lakini kulaza meli kuliendelea.

"Nguzo nene zilizo wazi ni mabaki ya ngome." Zilibeba karakana ya matanga. Mashua ziliingia chini yake kwa mfereji, na matanga yakapandishwa juu kushonwa. Paa liling'olewa na kimbunga mwaka 1871.

"Vita ndivyo vilivyopafunga." Ni mvuke na chuma. Meli zilizidi ukubwa wa bandari hiyo, na jeshi likaondoka mwaka 1889.