Kwa Nini Spika za Studio Huvuma Ukiziunganisha na Kompyuta?

Kijana mmoja wa Walukuba, hapa Jinja, alinipigia simu saa nne usiku. Alikuwa amenunua monita mbili, zile spika za studio zenye amplifaya ndani yake, kwa pesa aliyodunduliza karibu mwaka mzima. Aliziwasha, akachomeka waya kwenye laptopu, na kabla hajacheza wimbo wowote akasikia "mmmmmm". "Mzee, wameniuzia mbovu," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Nikamwomba achomoe chaja ya laptopu ukutani, asiguse kitu kingine chochote. Mvumo ukakatika palepale.

Monita zilikuwa nzima. Laptopu ilikuwa nzima, na chaja nayo nzima. Basi ule mvumo ulitoka wapi?

Ulianzia mtoni. Pale Nile inapotoka ziwani ndipo lilipo bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls. Mitambo yake, pamoja na ile ya Bujagali, Isimba na Karuma, husukuma umeme kwa pigo moja: mkondo unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Pigo hilo likipata njia ya kuingia kwenye spika, sikio hulisikia kama besi nzito, juu kidogo tu ya noti ya G. Mara nyingi huja na mwenzake wa mara 100 kwa sekunde, na huyo ndiye anayesikika zaidi, kwa kuwa spika ndogo hazifiki chini sana.

Swali la kweli basi ni hili: limepita njia gani? Waya unaobeba muziki haujagusana na nyaya za umeme wa ukutani.

Tazama plagi zetu za miguu mitatu. Miguu miwili ya chini hubeba umeme. Ule wa juu, mrefu kuliko wenzake, ni wa ethi: unaunganisha chuma cha chombo na fimbo iliyochimbiwa ardhini nje ya nyumba. Monita ina ethi yake. Laptopu, ikiwa chaja yake ni ya miguu mitatu, nayo ina ethi yake. Sasa unaleta waya wa sauti, ambao ndani una uzi mwembamba wa kubeba muziki na nje umezungushiwa wavu wa shaba. Wavu huo nao umeunganishwa na ethi ya pande zote mbili. Bila kujua, umefunga kitanzi: kutoka monita hadi ukutani, kutoka ukutani hadi kwenye chaja, kutoka kwenye chaja hadi kwenye laptopu, na kutoka laptopu kurudi kwenye monita kupitia waya wa sauti.

Kitanzi cha shaba kilichokaa kwenye chumba chenye nyaya za umeme hunasa usumaku wake, na mkondo mdogo huanza kuzunguka ndani yake. Tena ethi ya soketi moja na ethi ya soketi nyingine hazilingani kabisa, hasa zikiwa mbali, na tofauti hiyo nayo husukuma mkondo. Chukua mfano wa miliampia 10 zikipita kwenye wavu wenye ukinzani wa omu 0.1. Hapo unapata milivolti 1. Ni kidogo mno, lakini muziki unaotoka kwenye kompyuta wenyewe ni kama milivolti 300 tu ukiwa na nguvu yake ya kawaida, na kwenye waya wa kawaida monita haina namna ya kujua ipi ni gitaa na ipi ni milivolti ya Nalubaale. Inakuza zote. Usiku, kinu cha posho kikishanyamaza na bodaboda zikipungua, milivolti hiyo moja unaisikia vizuri.

Na ikiwa chaja ni ya miguu miwili? Haina ethi, ni kweli, lakini bado hujaepuka kelele. Ndani yake kuna kijisehemu kiitwacho kapasita kinachovujisha mkondo mdogo sana kuelekea kwenye chuma cha laptopu. Ndiyo maana ukipitisha kidole taratibu juu ya laptopu ya bati unahisi kama inatetema. Mkondo huo hutafuta ardhi, na ethi ya karibu zaidi ni ile ya monita yako, kupitia waya uleule wa sauti. Huo hauvumi kwa utulivu. Hukwaruza, kama nyuki kwenye kopo.

Hapa nataka kusema jambo ambalo silisemi kwa wepesi. Kuna mafundi watakaokushauri ukate mguu wa ethi kwenye plagi ya monita, au utumie adapta isiyopitisha ethi. Mvumo utaisha kweli, kwa kuwa kitanzi kimekatika. Lakini mguu ule uliwekwa ili siku waya wa ndani utakapolegea na kugusa chuma, umeme ukimbilie ardhini na fyuzi ikatike, usisubiri mkono wako. Umeme wetu ni volti 240. Mwimbaji aliyeshika maikrofoni ya chuma, miguu peku juu ya sakafu ya saruji, ndiye anayegeuka kuwa ethi. Vilevile ile tabia ya kuingiza kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie kwa nguvu: kifuniko unachokisukuma kwa kalamu kiliwekwa kuzuia vidole vya watoto. Tuache.

Kitanzi kina dawa nyingine, na ya kwanza ni ya bure. Chomeka monita zote mbili na kompyuta kwenye ekstensheni moja, yenye ethi inayofanya kazi, kwenye soketi moja ya ukutani. Ethi zote zikikutana mahali pamoja, kitanzi hupungua ukubwa na tofauti kati yao hukaribia kutoweka. Watu wengi humaliza tatizo hapo. Ila kwenye nyumba nyingi za kupanga tundu la ethi lipo lakini nyuma yake hakuna waya, hivyo mwite fundi umeme apime. Dalili moja ni hii: ukigusa chuma cha kifaa na mvumo ukapungua, shuku ethi.

Dawa ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ni werevu mtupu. Inaitwa balansi, na asili yake ni simu. Nyaya za simu za zamani zilikuwa zikinasa kelele za njia za umeme zilizopita karibu nazo, na mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipewa hataza ya kutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Wazo lenyewe ni hivi. Tuma wajumbe wawili na habari ileile, mmoja abebe jumlisha 5, mwingine abebe toa 5. Njiani, kelele inawapakia wote wawili mzigo uleule wa 2. Wanafika, mmoja na 7, mwingine na toa 3. Mpokeaji anatoa wa pili kwa wa kwanza: anapata 10. Habari imefika maradufu na zile 2 hazipo tena. Kelele imejifuta kwa sababu iliwapata wote sawasawa.

Ndiyo kazi ya waya wa XLR wenye pini tatu, au wa jeki ya robo inchi yenye pete mbili nyeusi. Wavu wa nje unaendelea kubeba mkondo wa kitanzi, lakini haumo tena kwenye hesabu ya muziki. Ili ufaidi, kifaa cha kutuma na cha kupokea vyote viwe vya balansi. Monita nyingi ziko tayari. Laptopu ndiyo haiko tayari: tundu lake la hedifoni si la balansi, na hapo unahitaji kadi ya sauti ya nje, ile ambayo watu wa studio huiita intafesi.

Nikae kidogo kwenye tundu hilo la hedifoni, maana limewapotosha wengi. Jeki ya hedifoni ya milimita 3.5 nayo ina pete mbili, inafanana kabisa na ya balansi. Lakini vipande vya chuma vinavyotenganishwa na pete hizo hubeba kushoto na kulia, havibebi jumlisha na toa. Ukitumia waya unaoingiza zote mbili kwenye tundu la balansi la monita moja, monita itafanya kazi yake kwa uaminifu: itatoa kulia kutoka kushoto. Kila kilicho katikati ya wimbo kipo sawasawa pande zote mbili, hivyo kitafutika. Na nani hukaa katikati? Mwimbaji, besi na ngoma kubwa. Utasikia vinanda vinaelea na mwangwi wa sauti ya mtu aliyetoweka. Nimewahi kuitwa kutengeneza kwaya "iliyopotea" namna hiyo. Tiba yake ni waya unaogawanyika: kushoto uende monita ya kushoto, kulia uende ya kulia.

Usipopata intafesi, kuna transfoma ya kutenganisha, kiboksi kidogo cha kuweka katikati ya waya wa sauti. Ndani kuna koili mbili, yaani nyaya zilizoviringwa, zisizogusana. Muziki huvuka kwa usumaku, kitanzi kinabaki kimekatwa, na ethi zote za usalama zipo mahali pake. Zile za bei ya chini sana hupunguza besi, kwa hiyo sikiliza kabla ya kulipa.

Si kila kelele ni kitanzi, na sikio likizoea hutofautisha haraka. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi au ukifungua faili hutoka ndani ya kompyuta yenyewe, na mara nyingi husafiri kwa waya wa USB. Jaribu tundu jingine la USB, na ikiwezekana intafesi ipate umeme wake yenyewe. Ile "didi-didi-didi" kabla ya simu kuita ni simu ya mtandao wa 2G inayorusha mawimbi kwa vipande, karibu 217 kila sekunde. Isogeze mbali na waya, basi. Umeme ukikatika ukahamia kwenye inveta ya bei nafuu, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na spika zikaanza kukwaruza, inveta hiyo hutoa wimbi la ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na hakuna waya wa sauti utakaolitengeneza. Afadhali laptopu ibaki kwenye betri na inveta iachiwe monita pekee, hadi upate ile ya wimbi laini.

Inabaki "shiii" nyembamba. Hiyo ni ya amplifaya, na huongezeka watu wanapopandisha monita hadi mwisho huku sauti ya kompyuta iko chini. Fanya kinyume: kompyuta karibu na juu, kisha ushushe monita hadi kiwango unachotaka, ili muziki uingie kwenye waya ukiwa na nguvu kuliko kelele ya njiani. Yule kijana wa Walukuba alihamishia kila kitu kwenye ekstensheni moja usiku uleule, na mwezi uliofuata akanunua nyaya mbili za balansi na intafesi ya mtumba. Bado anasikia shiii akibandika sikio kwenye spika. Akirudi kwenye kiti chake haisikii, nami nimemwambia aiache ilivyo.