AWD Haina Breki za Ziada

Kila theluji ya kwanza inapoanguka hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, gereji yetu hupokea magari yaliyobonyea mbele, na wenye magari hayo, ambao wengi ni ndugu zetu kutoka Afrika Mashariki, huanza maelezo yao kwa sentensi ileile: "Lakini fundi, hili gari ni AWD." Nimeijibu sentensi hiyo mara nyingi mno nikiwa na spana mkononi, na majibu ya haraka hayajafaa kitu, kwa hiyo leo nitaijibu kwa urefu.

AWD (all-wheel drive, yaani gari linaloendeshwa na magurudumu yote) ina kazi moja, nayo ni kugawa nguvu ya injini kwa magurudumu manne badala ya mawili. Ukikanyaga mafuta, inakusaidia. Ukiachia mafuta na kukanyaga breki, msaada wake umekwisha, kwa sababu breki za gari lolote, hata lile dogo la bei ya chini linalovutwa na magurudumu ya mbele peke yake, tayari zimo katika magurudumu yote manne. Hakuna kiwanda kinachoongeza breki ya tano kwa sababu gari limebandikwa herufi tatu kwenye mlango wa nyuma.

Naelewa imani hii ilikotoka. Mtu aliyejifunza kuendesha Land Cruiser au Hilux kwenye barabara za udongo wakati wa masika amefundishwa na matope kwamba shida ya dereva ni kuondoka. Kwenye tope zito ukiachia mafuta gari linasimama lenyewe, na hakuna anayepita humo kwa maili 60 kwa saa, kwa hiyo fo-wili ilikuwa jibu sahihi kwa shida ya kule. Barabara kuu ya I-94 mwezi Januari ina shida nyingine kabisa: umeshaondoka, mwendo umeupata bila jasho, na mita mia moja mbele yako taa nyekundu za breki zimeanza kuwaka.

Hapo ndipo lilipo jambo linaloniudhi kuliko yote, na ambalo wauzaji wa magari hawaligusi. AWD si kwamba haisaidii kusimama tu. Inamficha dereva habari ya barabara. Chukua makutano yenye taa asubuhi ya baridi kali, ambapo unyevu unaotoka kwenye ekzosi za magari yaliyosubiri umeganda juu ya lami na kusuguliwa na matairi hadi ukawa laini. Dereva wa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele akikanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka bure, taa ya onyo inamulika kwenye dashibodi, na hata kama ni mtu mkaidi anapata ujumbe kwamba leo kuna utelezi, hivyo anapunguza mwendo njia nzima. Mwenzake wa AWD, kwenye barafu hiyohiyo, anaondoka taratibu bila gurudumu hata moja kulalamika, kwa kuwa kila tairi limeombwa nguvu kidogo tu. Anahitimisha kwamba barabara ni nzuri. Anafika maili 40 kwa saa akiwa na hitimisho hilo kichwani, na mara ya kwanza kuambiwa ukweli ni pale anapokanyaga breki, wakati ambapo matairi yaleyale manne yanaombwa kufuta mwendo wote huo kwa sekunde chache. Ninaamini, ingawa sina daftari la kuthibitisha, kwamba sehemu kubwa ya bampa ninazobadilisha zimevunjwa na urahisi wa kuondoka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa mwendo wa maili 30 kwa saa, ukiacha kando muda wa dereva kushtuka, lami kavu inaweza kukusimamisha kwa takriban mita 12. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, ambapo mshiko hushuka hadi karibu theluthi moja, utahitaji kama mita 37. Kwenye barafu laini ni karibu mita 90. Katika hesabu hiyo hakuna mahali pa kuandika idadi ya magurudumu yanayosukumwa na injini. Kuna mwendo, na kuna mshiko kati ya tairi na barabara, basi.

Kwa hiyo tuzungumzie matairi, na hapa naomba subira. Mtu hulipa maelfu ya dola za ziada apate AWD, kisha ananiambia kwamba seti ya matairi ya baridi ni anasa. Tairi la majira yote limeundwa kwa mpira unaoanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Tairi la baridi hubaki laini na lina mikato midogo mingi inayoing'ang'ania theluji. Herufi M+S ubavuni mwa tairi zinaeleza umbo la mifereji tu, wala si ushahidi kwamba tairi hilo lilijaribiwa kwenye theluji. Alama yenye uzito zaidi ni ile ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake, ingawa nayo niiseme kwa ukamilifu: jaribio lake la Amerika Kaskazini hupima jinsi tairi linavyosukuma gari mbele kwenye theluji iliyoshindiliwa, na si jinsi linavyosimama kwenye barafu wala linavyokata kona. Yaani hata alama tunayoisifu imerithi upofu uleule wa kupima kuondoka. Hata hivyo, tairi halisi la baridi na tairi la majira yote hukaribiana kwa bei na hutofautiana sana siku ya breki ya ghafla. Jimbo la Quebec nchini Kanada, ambalo limelazimisha matairi ya baridi tangu 2008, na ambalo sasa huyadai kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, haliulizi kama gari lako ni AWD. Minnesota haitulazimishi, na pengine ndiyo sababu mimi nina kazi.

Kina cha mifereji nacho kitazamwe. Tairi jipya huwa na milimita 8 hivi. Sheria ya hapa inakuruhusu ushuke hadi 1.6, lakini kwa theluji mimi nalihesabu kuwa kipara likifika 4, na Austria imeiandika milimita hiyo 4 katika sheria ya matairi ya baridi. Upepo wa tairi hupungua kadiri baridi inavyozidi, kwa hiyo upime asubuhi tairi likiwa baridi.

Kwenye kona, mshiko wa tairi ni kama mshahara: ukishautumia wote kulipa breki, hakuna kilichobaki cha kununua kona. Punguza mwendo gari likiwa limenyooka, kisha geuza usukani taratibu. AWD inaweza kukuvuta kutoka kwenye kona ukiwa na mafuta kidogo mguuni, na huo ni msaada wa kweli, lakini ukiingia na mwendo kupita kiasi pua ya gari itaendelea moja kwa moja hadi mtaroni.

Sina hakika sawa katika kila jambo. Sehemu ya nyuma ya gari ikianza kuserereka, vitabu hutoa kanuni moja, ilhali mifumo yenyewe haifanani: Audi za zamani zina difu ya katikati inayogawa nguvu muda wote, ilhali magari mengi madogo ya AWD ya siku hizi huwa ya magurudumu ya mbele hadi klachi ya nyuma ishike, na ikishika katikati ya kona gari hubadilisha tabia ghafla. Nikiulizwa uachie mafuta au uyabakize kidogo, ninalojibu kwa uthabiti ni kwamba tazama unakotaka kwenda, geuza usukani uelekee huko, na usikanyage chochote kwa pupa. Mfumo wa kudhibiti mserereko kwa kufunga breki ya gurudumu mojamoja, ambao Marekani iliufanya wa lazima kwa magari mapya madogo ya modeli za 2012 na kuendelea, nadhani umeokoa watu wengi kuliko AWD, na haujawahi kutangazwa kwa mbwembwe. ABS nayo, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki, ambao ni rafiki karibu kila mahali, inaweza kuurefusha mwendo wa kusimama kwenye theluji laini nzito, kwa kuwa gurudumu lililofungwa lingejikusanyia theluji mbele yake. Hata hivyo siwezi kukushauri uizime, maana bila hiyo usukani hautakutii.

Wala sisemi AWD haina maana. Anayeishi Duluth, ambako mitaa inapanda kutoka Ziwa Superior kwa mwinuko wa kutisha, au muuguzi anayetoka zamu ya usiku kabla magari ya kusukuma theluji hayajapita mtaani, ataishukuru. Namsihi tu apime barabara kwa breki, kwa kuwa mafuta hayatamwambia. Ukishatoka nyumbani, mahali ambapo hakuna mtu mbele wala nyuma, ukiwa kwenye maili 15 kwa saa, kanyaga breki hadi uhisi pedali inatetemeka, uone gari limekwenda umbali gani. Rudia hali ya hewa inapobadilika, hasa joto likikaribia sifuri, kwa sababu barafu yenye utando wa maji juu yake huteleza kuliko ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na pia likishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, kwa kuwa hapo chumvi inayomwagwa barabarani huanza kushindwa kazi.

Na tafadhali, mama, kaka, usiniletee gari la AWD ukitaka nibadilishe matairi mawili tu ili ubane matumizi. Matairi ya mzingo tofauti, mapya na yaliyolika, huifanya klachi inayounganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma izunguke kwa kupingana siku nzima hadi iungue, na bei ya kuibadilisha inazidi ya seti nzima ya matairi.