Udongo na Moto vya Kikundi, Chungu cha Mwenyewe

Jumamosi asubuhi pale Lyulilo, jirani na Matema kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, vyungu hushushwa kutoka kwenye mitumbwi na kupangwa ufukweni. Vingi hutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone, ambako wanawake wamefinyanga kizazi baada ya kizazi. Kwa mgeni vyote ni vile vile: rangi ya udongo uliopauka, michoro myekundu mabegani, mdomo uliokunjwa nje kidogo. Mfinyanzi hasemi hivyo. Mwulize, atakinyanyua cha kwake katikati ya rundo kwa unene wa shingo tu.

Naanzia huko kwa sababu vikundi vingi vya ufinyanzi vinavyokuja ofisini kwetu kutaka ushauri vimekwama mahali pamoja. Vimefanya kila kitu kiwe cha wote. Wanachama wanachimba pamoja, wanafinyanga pamoja, wanauza pamoja, kisha wanagawana sawa kwa sawa. Msimu mmoja ukipita, mwenye mkono mwepesi anaona anawafinyangia wenzake, na mwenye mkono mzito anaona anasemwa. Kikundi kinabaki kwenye karatasi, kinafufuka siku ugeni wa halmashauri unapotangazwa.

Ushauri tunaoutoa ni huu: machimbo, moto na usafiri viwe vya kikundi. Kufinyanga na kupanga bei kubaki kwa mtu. Kuchimba na kuchoma ni kazi zinazofaidika na wingi wa watu. Moto wa vyungu vichache hupoteza joto pembeni, ila tanuri likijaa chungu kimoja humpa mwenzake joto, na kuni hazipotei. Kufinyanga hakuko hivyo. Mikono kumi haiwezi kuvuta ukuta wa mtungi mmoja.

Kila mwanachama basi awe na alama yake, aikwaruze kitakoni wakati udongo bado haujakauka: mistari miwili, nukta tatu, herufi, chochote. Alama hizo ziandikwe kwenye daftari la kikundi. Bila alama, hayo nitakayoyaeleza chini hayatekelezeki.

Machimboni

Kabla ya kukodi gari la kubebea udongo, upimeni. Vipimo ni vya bure. Chukua udongo uliolainika, uviringishe uwe unene wa penseli, kisha uzungushe kidoleni. Ukikatika au kujaa nyufa, haunati vya kutosha kwa vyungu, unahitaji kuchanganywa na unaonata zaidi. Kisha tengeneza kipande bapa, chora juu yake mstari wa sentimita 10, ukiache kivulini hadi kikauke kabisa, halafu pima tena mstari. Ukibaki sentimita 9.5, udongo umesinyaa asilimia 5, ni wa kawaida. Ukishuka chini ya 9, vyungu vitapasuka kabla hata havijauona moto. Dawa yake ni mchanga au unga wa magae, yaani vyungu vilivyovunjika vikapondwa na kuchekechwa.

Kipimo cha tatu watu wengi hawakifanyi, nacho ndicho kinachookoa jina la kikundi. Mimina siki kwenye bonge la udongo mkavu. Likitoa vipovu, kuna chokaa ndani. Punje ya chokaa ikiungua vya kutosha hugeuka, na baadaye hunyonya unyevu wa hewa, huvimba na kurusha kibanzi. Haya hutokea siku au wiki kadhaa baada ya kuchoma, mara nyingi chungu kikiwa nyumbani kwa mteja. Udongo wa namna hiyo utafutieni machimbo mengine.

Kuhusu ardhi, msitegemee kwamba bibi zenu walichimba pale. Kama machimbo yako kwenye ardhi ya kijiji, inayosimamiwa hapa Tanzania kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, pelekeni ombi serikali ya kijiji, lijadiliwe, liingie kwenye muhtasari, na nakala ibaki kwa katibu wenu. Andikeni humo humo kwamba mtafukia mashimo. Shimo lililojaa maji ya mvua huzamisha watoto na kulea mbu, na kijiji kikipata msiba mmoja kwa sababu yenu, mazungumzo yote yanaishia hapo. Miiko ya machimboni nayo waulizeni wazee. Baadhi imekuwa ikiulinda udongo usichimbwe ovyo, na ni busara kuifuata. Ile inayomzuia mwenzenu kufika kwa sababu ni mjamzito, zungumzeni naye mwenyewe kwanza, pengine atashukuru kupumzika ilmradi fungu lake la udongo lisipotee.

Siku ya kuchoma

Hapa ndipo vikundi vinapovunjika, kwa hiyo nitakaa hapa.

Vyungu vya wanachama saba vinaingia kwenye moto mmoja. Majivu yanapopoa, viwili vya Mama Fulani vimepasuka, vya jirani yake vimetoka salama na kung'aa. Nani anabeba hasara? Vikundi vingi havina jibu siku hiyo, na jibu linalotafutwa watu wakiwa wamekasirika huwa ni ugomvi tu. Kubalianeni kabla: hasara ya udongo ni ya kikundi, hasara ya moto ni ya kikundi, hasara ya mkono ni ya mwenyewe. Swali linalobaki ni kuzitofautisha, na hilo magae yenyewe yanalijibu.

Msiyafagie magae. Yatandazeni kwenye jamvi, mkae chini myageuze mbele ya wote.

Kwanza tafuta kibanzi kilichoruka ubavuni na kuacha shimo bapa, mara nyingi kwa mlio, moto ukiwa bado mchanga. Hayo ni maji. Wafinyanzi wengi husema ni hewa iliyofungiwa ndani ya udongo, lakini hewa yenyewe haina nguvu hiyo. Udongo laini wa kufinyangia hubeba maji yapata robo ya uzito wake, na yale yaliyojificha kwenye ukuta mnene, joto likipita nyuzi 100 za Selsiasi, hugeuka mvuke wa ghafla na kutafuta njia. Angalia sasa vya nani vimeruka. Vikiwa vya mtu mmoja, vilikuja vikiwa havijakauka: hasara yake. Vikiwa vya watu wanne na vyote vilikuwa upande mmoja, waliowasha waliharakisha: hasara ya kikundi.

Shimo likiwa na kidoa cheupe katikati, hiyo ni chokaa. Udongo mlichimba wote, mnalipa wote.

Ufa wa kitakoni, au unaofuata pale shingo ilipoungwa na tumbo, ni wa mkono. Muungano haukukwaruzwa wala kulowanishwa vya kutosha, au mdomo ulikauka juani huku kitako bado kibichi.

Ufa mrefu unaoshuka kutoka mdomoni, kingo zake kali zinazoweza kukukata kidole, ulitokea wakati wa kupoa. Ndani ya udongo mna chembe za mchanga mweupe, kwazi, ambazo kwenye nyuzi 573 hubadili umbo na ukubwa kwa mara moja, zikipanda na zikishuka. Upepo ukivuma kwenye tanuri la wazi wakati huo, au mtu akavuta chungu kwa mti kabla ya wakati kwa sababu mteja anasubiri, ukuta unaachana. Huo ni wa moto.

Nimewahi kuona kikao cha namna hii kikimaliza uhasama wa miezi. Mama aliyedai ameonewa alishika gae lake mwenyewe, akapitisha ukucha kwenye muungano wa shingo, likabanduka safi, bila hata chembe ya upande mmoja kubaki upande wa pili. Hakuna aliyesema kitu. Alicheka, akaomba udongo.

Fidia itoke kwenye mfuko wa moto, ambao kila mtu anauchangia kwa nafasi anayochukua kwenye tanuri, si kwa idadi ya vyungu. Mtungi mmoja wa maji hula nafasi ya vikaango vingi. Mimi sipendekezi kulipa bei nzima ya sokoni. Nusu yake, au udongo na nafasi ya bure kwenye moto unaofuata, inatosha. Kikundi kimoja kilicholipa bei kamili kiligundua baadaye kwamba wanachama wameanza kuleta vyungu vya haraka haraka, maana kupasuka kulilipa kama kuuza, tena bila nauli.

Nafasi zenyewe zigawanywe kwa kura ya bahati kila mara, kwa sababu upande unaokabili upepo ni mbaya na kila mtu anaujua. Kabla ya kuwasha, kila chungu kibanikwe kandokando ya moto mdogo kikigeuzwageuzwa. Kipimo cha ukavu hakihitaji chombo: kiguse shavuni. Kikiwa na ubaridi kuliko hewa, maji bado yanatoka, kisiingie. Moto wa wazi hufika kati ya nyuzi 600 na 900, tena hupanda kwa kasi kubwa, kwa hiyo kosa la mwanzo halirekebishiki katikati. Na kila moto uandikwe daftarini: tarehe, hali ya hewa, mlichomea nini (kuni, maganda ya mpunga, mabua, samadi kavu), vilivyoingia, vilivyotoka vizima, upande ulioharibika. Baada ya misimu miwili daftari hilo litawafundisha kuliko mimi.

Mahali ambapo kufinyanga pamoja kunafaa

Kanuni yangu ina upande wake wa pili. Oda ikiwa ya vitu vilivyolingana kabisa, mfano kiini cha udongo cha jiko sanifu, basi kufinyangwe kwa pamoja, kwa kalibu moja. Magharibi mwa Kenya vikundi vya wanawake vimekuwa vikitengeneza viini vya jiko la kuni linaloitwa Upesi, lililoanza kusambazwa miaka ya 1980 kwa jina la Maendeleo. Kiini kisipoingia kwenye nafasi yake, hakuna atakayekinunua kwa uzuri wa mkono wako. Hata hapo lakini, lipeni kwa kipande kilichopita ukaguzi. Kulipa kwa siku ya mahudhurio huwalipa wanaojua kukaa.

Pwani kuna vyetezo, ambavyo havijawahi kukosa soko maadamu watu wanaoa na kufukiza ubani. Mijini kuna vyungu vya maua. Mtungi wa maji umeumizwa na ndoo za plastiki, ila bado una kazi ambayo ndoo haiwezi: maji hupenya taratibu kwenye ukuta, yanapokauka nje huondoka na joto, na ya ndani yanabaki baridi bila umeme. Mweleze mteja hivyo, na msiupake mtungi rangi ya mafuta, kwa kuwa mtaziba vitundu vinavyofanya kazi hiyo. Vyombo vya kulia na kupikia navyo visipakwe rangi za dukani, wala madawa ya kung'arisha ambayo hamjui yana nini. Baadhi yana madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kokoto laini ya mtoni inang'arisha vizuri tu.

Fedha na makaratasi

Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, katiba, akaunti ya benki: afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaongoza, na hayo hayana ugumu. Nitaje mawili tu. Mkianza kuweka akiba na kukopeshana, mnaingia chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne, yaani la vikundi vya kijamii, na mnapaswa kusajiliwa halmashauri kwa ajili hiyo. La pili, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ulizeni utaratibu wa mwaka husika, kwa kuwa umewahi kusimamishwa na kubadilishwa.

Mkipata mkopo, msinunue gurudumu la kufinyangia. Nimekuta magurudumu ya msaada yamekuwa viota vya kuku, kwa sababu mfinyanzi aliyezoea kuzunguka chungu chake hana shida ambayo gurudumu linaitatua. Jengeni banda. Sehemu kama Kyela, ambako mvua za Machi hadi Mei hazina mzaha, kikundi bila banda hakina kipato kwa robo ya mwaka. Chenye banda kinafinyanga, kinakausha kivulini, na kinasubiri siku kavu za kuchoma. Nunueni pia majani makavu na makreti ya kupakia. Vyungu huvunjika kwenye lori pia, si kwenye moto tu.

Bandani humo sakafu imwagiwe maji kabla ya kufagiwa. Vumbi la udongo mkavu lina zile zile chembe za kwazi, zikikaa mapafuni hazitoki, na anayeponda magae afunge kitambaa kilicholowa usoni akiwa amesimama upande unaotoka upepo.

Kuhusu vijana, wasiitwe kusomba maji pekee. Kila moto utengewe nafasi mbili za bure kwa wanaojifunza, waweke vyungu vyao na alama zao, katikati ya vyungu vya wakubwa, si pembeni kwenye upepo. Siku ya jamvi waulizwe wao kwanza gae hili limepasuliwa na nini, kisha ndipo wakubwa waseme.