Apacha ni nini? Lile tundu la kwenye lenzi na namba zake za f

Wadogo zangu wengi hapa Kigoma wakishapata DSLR yao ya kwanza, yaani ile kamera ya kubadilisha lenzi, hata kama ni ya mtumba, swali ni moja tu, hii ina megapikseli ngapi. Mi nawaambia hizo tutazikuta mbele, tuanze na apacha, maana ukiielewa hiyo kamera yote inafunguka kichwani.

Apacha ni tundu lililoko ndani ya lenzi. Kuna vipande vyembamba vimepangwa duara, vikijikunja tundu linabana, vikiachia linapanuka. Likiwa kubwa mwanga unaingia mwingi, likiwa dogo unaingia kidogo, sawa tu na mboni ya jicho lako ukitoka kwenye jua la saa saba ukaingia chumbani, mwanzo giza tupu, baadae mboni inapanuka unaanza kuona vitu.

Sasa namba. f/2 ni tundu kubwa, f/16 ni dogo, na hapa ndo watu wanakata tamaa kabisa wanaona ni kinyumenyume. Iko hivi, ile f ni urefu wa fokasi wa lenzi kwa milimita, sio urefu wa lenzi yenyewe kwa rula, yaani ile 50 au 18-55 iliyoandikwa mbele, na hako kamstari ni cha kugawanya. Lenzi ya 50 ukiweka f/2 unapata 50 gawanya kwa 2, tundu la milimita 25, linakaribia kizibo cha soda. Ukiweka f/8 unapata milimita 6 na kidogo, unene wa penseli. Ni kama mkate tu, ukiugawa kwa wawili kipande ni kikubwa kuliko ukiugawa kwa wanane. Na ukipanda 2, 2.8, 4, 5.6, 8, kila hatua mwanga unapungua nusu.

Tundu lina kazi ya pili, na mi ndo naipenda zaidi: likiwa kubwa, uliyemlenga anatoka safi na nyuma yake kunakuwa ukungu, likiwa dogo vya mbele na vya nyuma vinaonekana vyote.

Ila DSLR ina kitu hawakwambiagi dukani. Ukichungulia pale kwenye kidirisha lenzi inakuwa imefunguka yote, inabana pale tu unapobonyeza. Siku moja asubuhi mwaloni Kibirizi nampiga picha mama mmoja anageuza dagaa wake mchangani, kwa ruhusa yake, nachungulia naona nyuma ukungu mzuri kweli, kumbe nimeacha f/8, kuja kuangalia picha kwenye skrini mitumbwi yote, ndoo, na miguu ya wapita njia vimemzunguka kichwani. Nikashusha mpaka f/2 nikarudia, akabaki yeye na mikono yake na magamba yanayong'aa vidoleni.

Kwa hiyo we unaeanza weka kile kigurudumu cha juu kwenye Av kama ni Canon, au A kama ni Nikon, hapo unachagua apacha wewe na kamera inajipangia yenyewe spidi ya shata, yaani muda wa kuacha mwanga uingie. Mtu mmoja shuka namba, kundi la harusi mistari mitatu panda mpaka f/8. Na lenzi ya 18-55 uliyopewa na kamera ukiivuta mpaka 55 kwa kawaida haishuki chini ya f/5.6, kwa hiyo ukungu ukiwa mdogo usiilaumu kamera, msogelee mtu wako na umtoe mbali na ukuta.