Mwandishi wa mambo ya nje si msemaji wa Ikulu

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Kirumba, Mmarekani akiandika lolote kuhusu vita, hakosekani wa kuweka kikombe chini na kukata shauri: "Huyo katumwa na serikali yake." Si lazima.

Mchukue Walter Lippmann, mwandishi wa habari Mmarekani aliyeanza safu yake katika gazeti la New York Herald Tribune mwaka 1931. Mwaka 1947 mwanadiplomasia wa Marekani George Kennan alitetea sera ya kuuzuia Umoja wa Kisovieti usijitanue. Lippmann aliipinga kwa makala mfululizo: Marekani ingejitwika ulinzi wa washirika dhaifu kila kona, huku Moscow ikichagua pa kupambana. Miaka ya 1960 akamgeukia Rais Johnson kuhusu vita vya Vietnam, bila kumung'unya maneno, na urafiki wao ukavunjika.

Hata hivyo, wazee wa Kirumba hawajakosea kabisa. Lippmann huyohuyo alishiriki kuandaa Hoja 14 za Rais Wilson wa Marekani za mwaka 1918, yaani mapendekezo yake ya amani ya kumaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, na marais walimwita kumtaka ushauri. Ukaribu huo ndio wa kuhoji, siyo pasipoti yake.